Kichwa cha Kambale kwenye Droo ya Edina

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Dada Edina wa ofisini kwetu alikuwa na kichwa cha kambale kwenye droo ya chini ya meza yake. Niliamini hivyo kama ninavyoamini kwamba Mbinga iko mlimani na Lipingo iko ziwani. Tena si kambale wa kula. Kambale mkavu, mdomo umeshonwa kwa uzi mweusi. Mkusanya madeni yeyote akikaa kwenye kiti cha mbele ya meza ile, mdomo wake nao unashonwa: anatokwa jasho, anakusanya karatasi zake, anaaga bila kumaliza chai, na harudi tena. Habari hizi nilizipata kwa mama muuza chapati wa getini, aliyezipata kwa dereva wa basi, aliyezipata Chiwanda kwenyewe, alikozaliwa Edina. Habari iliyosafiri umbali wote huo na kufika ikiwa nzima, nani angeibishia? Mimi sikubisha. Niliamini, nikamwonea wivu, na wivu wenyewe sikuupumzisha hata Jumapili.

Sasa nimestaafu, na ninyi vijana mliobaki kwenye viti vyetu mmeniomba niandike nilichokiona. Nitaandika. Mshahara sitautaja, ulikuwa mdogo kiasi kwamba ukiuita kwa sauti haugeuki. Vyeo navyo sitavitaja, kwa sababu vingi alipewa Edina.

Wasioijua ofisi yetu niwaeleze. Ilikuwa ofisi ya msaada wa sheria, chumba kimoja na nusu nyuma ya duka la pembejeo, hivyo sheria zote nilizojifunza zina harufu ya mbolea. Mkuu wetu alikuwa Mzee Hamisi, mtu wa Tanga aliyeletwa huku juu kwenye baridi yetu ambayo asubuhi hugandisha hata salamu. Alivaa koti zito mwaka mzima na alikunywa chai ya tangawizi kama injini inavyokunywa mafuta. Mimi nilianza kwake kama tarishi. Nilikuwa na baiskeli isiyo na breki, na kazi yangu ilikuwa kupeleka barua Mpepai na kurudi, kwenda nikiteremka kama jiwe na kurudi nikisukuma kama mkokoteni. Jioni nilisoma shule ya watu wazima, kwenye madarasa ya shule ya msingi, magoti yakigonga madawati ya watoto. Nilipopata cheti changu cha kidato cha nne nilikitembeza mji mzima. Kuna watu Mbinga walikisoma mara mbili, mara ya pili kwa kulazimishwa. Mzee Hamisi akanipa meza.

Siku yangu ya kwanza mezani nakumbuka hadi mahali nzi alipotua. Alikuja mzee mmoja wa Mpepai, mkulima wa kahawa, ameshika kofia mkononi. Kuna kijana alimfuata shambani akamwambia anadaiwa fedha za mbolea, alipe kabla ya mavuno la sivyo kahawa itachukuliwa mtini. Mimi, na cheti changu kipya, nikakaa sawasawa nikamwambia, "Mzee wangu, deni ni deni. Dawa ya deni kulipa." Mzee akainamisha kichwa. Mzee Hamisi akaweka kikombe chini.

"Gaudensi, umemuuliza anadaiwa na nani?"

"Na kijana wa mbolea, Mzee."

"Kijana anaitwa nani? Katumwa na nani? Mbolea ilichukuliwa lini, mifuko mingapi, nani alisaini?"

Nikamgeukia mteja. Mteja akaniambia kwa upole kwamba maisha yake yote ametumia samadi.

Hapo ndipo nilipojifunza kazi yetu, nanyi msiisahau. Mtu akija kukudai usianze na kulipa, wala usianze na kukataa. Anza na kumwambia alete uthibitisho. Mwambie kwa maandishi, ubaki na nakala, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa au isainiwe na aliyeipokea. Alete mkataba wenyewe wenye saini, si picha ya karatasi kwenye simu. Alete hesabu inayoonyesha deni lilianzia wapi na limefikaje hapo lilipo. Na kama anadai kwa niaba ya mwingine, alete barua ya huyo mwingine inayosema amemtuma. Kabla ya hapo hujasaini kitu, hujatoa hata shilingi, na hakuna mwenye ruhusa ya kubeba mali yako bila amri ya mahakama, hata aje na lori na wanaume wenye vifua. Mzee Hamisi aliyasema haya kwa kifupi zaidi. "Karatasi kwanza," alikuwa akisema, "sura baadaye." Na kila mara aliongeza kwa upande wangu, "Na wewe, punguza chumvi."

Chumvi ilipungua kidogo sana. Nikiri, ilipungua siku za mafua.

Halafu akaja Edina.

Alitoka chuoni, mwembamba, mkavu wa maneno, Mnyasa wa Chiwanda ambaye baba yake alikuwa mwinjilisti wa Kianglikana. Alinisalimia, "Shikamoo, kaka Gaudensi," akakaa, akafungua faili, na sikumsikia tena mpaka saa ya chakula. Nikajisemea, huyu maskini hatadumu, kazi hii ni ya mdomo. Baada ya miezi michache foleni ya watu ilikuwa mbele ya meza yake. Ilianzia kwenye kiti, ikapita mlangoni, ikakata kona ya duka la pembejeo, na naamini mtu wa mwisho alikuwa amesimama Songea. Mbele ya meza yangu alikaa paka wa jirani.

Niulizeni nilijisikiaje. Mtu anayesema hajawahi kuona wivu kazini hajawahi kufanya kazi. Niliuonea wivu mwandiko wake. Nilikionea wivu kiti chake, ambacho hakikulia kikikaliwa. Kila ilipotokea semina Songea, Mzee Hamisi alisema, "Edina ataenda," na mimi nilibaki nikihesabu vigae vya dari, ambavyo havikuwepo kwa sababu dari yenyewe haikuwepo. Wateja walimletea viazi, ndizi, kahawa ya kukaangwa. Waliponipita walisema, "Hujambo mzee," na mimi nilikuwa bado kijana wa kupendeza.

Lakini kilichonichoma zaidi kilikuwa wakusanya madeni. Wakija kwangu walikaa, tukazungumza, tukacheka, wakanywa chai, wakarudi wiki ijayo, na wiki inayofuata. Niliona ni heshima. Wakienda kwa Edina, alisema maneno mawili matatu halafu akakaa kama picha ya ukutani, anawatazama. Wao wakaanza kuhangaika, kukohoa, kufungua begi, kufunga begi. Wakatoka. Hawakurudi. Kesi ikaisha. Sasa niambieni, kama si kambale, ni nini?

Ndiyo maana niliamua kutafuta wangu. Nilimnunua sokoni, mkubwa kiasi kwamba alibaki anamkodolea muuzaji macho hata baada ya kukatwa kichwa. Nikakikausha kichwa juu ya moshi wa jiko letu la nje. Mke wangu, Mama Kastori, akatoka na mwiko mkononi.

"Baba Kastori, sema ukweli. Unamroga nani?"

"Simrogi mtu. Ni mambo ya ofisi."

"Ofisi ya sheria ndiyo inakausha vichwa?"

"Ni utaratibu mpya."

"Haya. Basi uzi mweusi usichukue kwenye cherehani yangu. Utaratibu wenu ununue uzi wake."

Nilikishona mdomo mwenyewe, nikakiweka droo ya chini, nikasubiri mkusanya madeni wa kwanza. Alikuja, akakaa, akaongea kuliko siku zote. Siku ya tatu sisimizi walikuwa wamejipanga kutoka mlangoni hadi mezani kwangu. Foleni pekee niliyowahi kuipata. Siku ya nne Mzee Hamisi aliingia, akasimama, akavuta hewa, akatazama soli za viatu vyake, akatazama soli za viatu vyangu, halafu akafungua droo.

"Gaudensi," akasema, "huyu naye anadaiwa?"

Nilikizika nyuma ya choo. Mtu mwenye akili angeacha kuamini hapo. Mimi nilihitimisha kwamba wa Edina ni kambale wa ziwani na wangu alikuwa wa mto, hivyo nguvu hazilingani. Hata siku tulipohamisha meza nikapata nafasi ya kuchungulia droo yake, nikakuta kandambili, karanga na kitabu cha nyimbo za kanisani, nilijiambia tu kwamba kichwa anatembea nacho kwenye mkoba.

Sasa niwafikishe kwenye kesi ya Mama Tekla, kwa sababu ninyi wote mnaisimulia, na kila ninapowasikia mnasema, "Ile kesi aliyoishinda Dada Edina." Kaeni vizuri niwaeleze nani aliishinda.

Mama Tekla alikuwa mjane wa Lipingo. Marehemu mumewe, Yohana, alimwachia boti moja ya mbao na injini yake. Boti hiyo aliikodisha kwa wavuvi, wao wakapata samaki yeye akapata fungu lake, na fungu hilo ndilo lililowaweka binti zake wawili shule. Boti ikiondoka, shule imeondoka. Alifika ofisini na vumbi la safari, akakaa kwenye ukingo wa kiti, akauliza, "Dada Edina yuko?"

Edina alikuwa semina. Songea. Nadhani mmeshakisia.

"Mimi nipo, Mama," nikasema. "Na kwa kweli huyo nilimfundisha mimi."

Mungu anisamehe. Akanieleza. Alikuja kwake kijana wa pikipiki aitwaye Zakaria, amevaa shati jeupe, begi begani. Akasema marehemu Yohana alichukua injini kwa mkopo na hakumaliza, na kampuni yake sasa ndiyo inayodai. Ijumaa ya wiki inayofuata watakuja na lori kuchukua boti na injini.

"Alionyesha karatasi, Mama?"

"Hakuonyesha. Aliniuliza mimi maswali."

"Ukamjibu?"

"Mgeni kafika jua kali, baba. Nilimpikia kwanza. Alikula vizuri, akaomba nyongeza. Wakati wa kuondoka nikamfungia mfuko wa dagaa, maana mtu hawezi kutoka kwangu mikono mitupu. Akanipa karatasi niweke dole gumba kwamba nimempa. Nikaweka. Kumbe vibaya?"

Ninyi mnajua desturi ya ziwani: mgeni hata kama amekuja kukutukana, anaondoka na kitu cha kufungulia mlango kwake. Na Zakaria naye aliijua. Mfuko ule wa dagaa ulikuwa umeandikwa malipo ya awali. Mama Tekla, kwa ukarimu wake, alikuwa ameanza kulipa deni asilolijua.

Hapo nikaona nafasi yangu. Edina yuko mbali, mjane yuko mbele yangu, kesi ni kubwa. Nikamwuliza habari za ile injini. Akasema ni ya bluu, Yohana aliinunua Mbamba Bay kwa fundi, kwa fedha taslimu, shemeji yake Danieli akiwa shahidi. Karatasi ya manunuzi ililoa mvua ilipovuja nyumba, ikaoza. Ni injini ya kumi na tano; wavuvi huziita hivyo kwa nguvu zake za farasi.

Nikachukua simu ya ofisi, nikapiga namba aliyoiacha Zakaria, nikaweka sauti kubwa ili Mama Tekla asikie anavyotetewa.

"Shikamoo mzee," akasema Zakaria.

"Marahaba. Hapa ni ofisi ya msaada wa sheria. Lete uthibitisho wa deni la marehemu Yohana wa Lipingo."

Mpaka hapo nilikuwa sawa kabisa; Mzee Hamisi angenipigia makofi. Lakini Zakaria hakujibu. Akanyamaza. Na mimi kimya cha simu sikiwezi. Ni kama kuona sufuria inaungua na wewe umekaa. Nikakijaza.

"Usijifanye hujui! Injini yenyewe ya bluu, Yohana kainunua Mbamba Bay kwa fundi, shahidi shemeji yake Danieli, kalipa taslimu! Injini ya arobaini!"

Kumi na tano niliiona ndogo mno kwa hasira niliyokuwa nayo.

"Ya arobaini?" akauliza Zakaria taratibu.

"Arobaini! Ikiwashwa Lipingo, Malawi wanafunga madirisha!"

"Asante sana, mzee. Nitaleta uthibitisho."

Nikakata simu, nikamtazama Mama Tekla kwa ushindi. Mama Tekla alinitazama kama mtu aliyenunua ndizi akakuta ni maganda. "Mwanangu," akasema, "Dada Edina anarudi lini?"

Edina alirudi Jumatano, Zakaria akaja Alhamisi, siku moja kabla ya lile lori. Tulikaa wote: Mzee Hamisi na koti lake, Mama Tekla na khanga yake ya msiba, mimi pembeni, na Edina kwenye kiti chake kisicholia. Zakaria akatoa karatasi, ananukia marashi, akaziweka mezani kama mtu anayepanga karata za ushindi. Mkataba. Jina la marehemu. Injini ya bluu. Mbamba Bay. Shahidi, Danieli. Moyo wangu ulishuka hadi kwenye soksi. Kila kitu nilichokisema kwenye simu kilikuwa pale, kimechapwa vizuri, na chini yake mchoro uliodaiwa kuwa saini ya Yohana. Na juu ya mkataba, kwa pini, ile karatasi ya dole gumba.

Edina akasoma. Alisoma polepole hivi kwamba chai ilipoa na jirani akafunga duka, au niseme alikaribia kufunga.

"Injini hii ni ya ngapi?" akauliza.

"Arobaini, dada. Imeandikwa hapo."

"Uliiona mwenyewe?"

"Niliiona. Niliikagua kabisa."

Edina akamgeukia Mama Tekla. "Mama, injini ya baba Tekla ni ya ngapi?"

"Kumi na tano, mwanangu. Boti yetu ukiifunga arobaini itasimama wima kama mtu anayesali."

Mzee Hamisi akanitazama. Sijui alijuaje, lakini alijua. Ninyi mliowahi kufanya kazi naye mnajua lile jicho.

"Na haya malipo ya awali?" Edina akauliza, akigusa ile karatasi ya dole.

Mama Tekla akainuka nusu. "Malipo gani? Hao ni dagaa! Wewe kijana si nilikupakulia ugali ukaomba tena? Ulikuwa unakula deni?"

"Mama, utaratibu..." akaanza Zakaria.

"Utaratibu wa nini? Mama yako angemtoa mgeni wake mikono mitupu?"

Zakaria akatazama chini. Edina akazisogeza karatasi zile upande mmoja wa meza. Hakupandisha sauti.

"Bwana Zakaria. Deni la marehemu hudaiwa kwa msimamizi wa mirathi, kwa mkataba halisi, na kwa barua ya mwenye deni aliyekutuma. Mkataba huu una injini ambayo haipo Lipingo. Hiyo arobaini mliitoa wapi?"

Halafu akakaa. Kimya. Anamtazama.

Nilitaka kusema kitu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Kiatu cha Mzee Hamisi kikatua juu ya kidole changu kikabaki pale. Zakaria alinitazama mimi, akaitazama dari isiyokuwepo, akafungua begi, akalifunga. Na jasho likaanza, kwenye baridi ile ambayo mkuu wetu amevaa koti! Naapa alitazama chini, upande wa ile droo. Nikajisemea, tayari, kambale amemkamata.

"Nitarudi na maelezo kamili," akasema.

"Yaje kwa maandishi," akasema Edina. "Tutakusainia kwamba tumeyapokea."

Hakurudi. Ijumaa lori halikuonekana Lipingo. Edina alimwandikia Mama Tekla barua ya kupinga deni, nakala ikaenda kwa mtendaji wa kata, nyingine kwa ile kampuni, na ya kampuni ilijibiwa kwa mstari mmoja kwamba kulikuwa na "mkanganyiko wa majina". Boti iliendelea kuingia ziwani. Tekla, yule binti mkubwa, sasa ni muuguzi, na kila nikipimwa presha namwambia kwamba anayemshika mkono ndiye aliyeokoa ada yake.

Kwa sababu fikirini wenyewe. Kama ningesema kumi na tano, mkataba ule ungekuwa sawa kila mahali, na Edina angeushika wapi? Arobaini yangu ndiyo iliyoiokoa boti. Chumvi yangu! Lakini baada ya wiki mbili Mama Tekla alipanda tena milima hadi Mbinga amebeba mbasa, yule samaki wetu mtamu kuliko wote, mrefu kama mtoto wa darasa la pili, amefungwa kwenye majani. Akapita mbele ya meza yangu.

"Hujambo mzee," akasema, akampa Edina.

Edina alinikatia nusu, upande wa kichwa. Nilimla kwa wivu mpaka mifupa. Mama Kastori akasema hajawahi kuona mtu anayemtafuna samaki kama anamhoji.

Miaka ikaenda. Mzee Hamisi alirudi kwao kwenye joto lake, akaniachia koti, na hadi leo nalivaa. Simu zikaja za kugusa, na madeni nayo yakaja kwa ujumbe, na siku hizi mtu anadaiwa na mkopo wa simu ambao hakuuomba, na jamaa zake wote wanatumiwa ujumbe wa kumwaibisha. Mchezo ni uleule. Kampuni haina sura, lakini jibu halijabadilika: lete mkataba, lete hesabu, lete barua ya aliyekutuma, na mgeni wa dagaa usimwekee dole gumba. Edina alipewa ukuu wa ofisi. Kwenye sherehe yangu ya kuagwa alitoa hotuba fupi kuliko dua ya chakula, na watu wakapiga makofi kuliko walivyonipigia mimi niliyeongea hadi wali ukapoa.

Nilidhani wivu nao utastaafu. Haukustaafu. Unaamka kabla yangu.

Sasa, juzi hivi, nilikwenda sokoni Mbinga kutafuta mpira wa ndani wa baiskeli, kwenye kibanda cha vipuri. Muuzaji kitambi mbele, mvi pembeni, akanitazama sana. "Shikamoo mzee. Hunikumbuki? Mimi Zakaria."

Nilimkumbuka. Tulicheka hadi wapita njia wakasimama. Aliniambia kazi ile aliiacha zamani, baada ya kuchoka kufukuzwa na mbwa na kukaribishwa chakula, akasema kukaribishwa ndiko kulikokuwa kunauma zaidi. Akanivutia kigoda, akaagiza chai. Nikaona huu ndio wakati, kwa sababu mtu aliyeng'atwa ndiye anayelijua jino.

"Zakaria, mwanangu, tumeshakuwa watu wazima. Niambie ukweli. Siku ile ya injini. Kile kichwa cha kambale cha Edina kilikushika wapi? Ulimi au koo?"

"Kichwa cha nini, mzee?"

Nikamweleza. Droo ya chini, uzi mweusi, mama wa chapati, Chiwanda, yote, pamoja na kichwa changu nilichokizika nyuma ya choo. Alisikiliza mdomo wazi. Alicheka, akafuta macho, halafu akaacha kucheka akanionea huruma, na huruma ya Zakaria ni kitu ambacho sikuwahi kutegemea kukipata duniani.

"Mzee wangu," akasema, "sisi tulikuwa tunapewa orodha ya majina na kiasi, basi. Hakuna mkataba, hakuna kitu. Mengine yote tulikuwa tunayapata kwa wanaodaiwa wenyewe, na kwako. Tulikuwa tunagombania nani aje kwako."

"Na kwa Edina?"

"Kwa Dada Edina hakukuwa na kambale, mzee. Alikuwa anauliza swali, halafu ananyamaza mpaka sisi tujibu. Wewe ulikuwa unauliza, halafu unajibu mwenyewe."